Vumbi Likitulia

Katika mji ule, mtu akikuambia atakuja kukutembelea vumbi likitulia, usijisumbue kufagia ua. Haji. Vumbi la huko halitulii hata kwa dawa. Linaingia kwenye kufuli, kwenye sukari, kwenye masikio ya watoto, na wenye kutia chumvi husema ukipasua yai utalikuta limetangulia. Na kwa kuwa watu wa mji ule hawapendi kumwambia mtu "sitaki" machoni pake, wameligeuza vumbi lao kuwa hapana ya adabu. Umeposwa na usiyempenda? Vumbi likitulia. Jirani anataka kuazima ngazi yako nyingine, na ya kwanza hakuirudisha? Vumbi likitulia. Mwenye akili anaelewa, anaaga, anaondoka, na hakuna aliyeaibika. Watu wanaisifu sana adabu hii. Mimi siisifu, na ukimjua Bi Filta huenda na wewe usiisifu.

Bi Filta alikuwa fundi mkuu wa karakana ya manispaa. Jina la nyumbani alikuwa nalo, lakini madereva walilisahau, kwa sababu kila asubuhi aliwapokea getini kwa swali moja: "Filta umepuliza?" Filta ya hewa ndiyo pua ya injini, na katika mji ule pua isiyosafishwa kila siku inaziba, injini inakohoa, gari linakufa kabla ya umri wake. Dereva aliyejaribu kumdanganya alijuta. Bi Filta alisikiliza muungurumo kidogo tu, kichwa kakiinamisha upande, halafu akasema, "Zima. Shuka. Muongo mkubwa we." Walimwogopa na walimpenda, na hata waliostaafu walipita kumsalimia.

Gari alilolipenda kuliko yote ndilo lililokimbiwa na watu wote: gari la kunyonya vyoo. Wenyeji walikuwa wamelipa jina la Marashi, maana linanukia kabla halijaonekana. Zamani Marashi lilikuwa na wenzake. Wakafa mmoja mmoja, likabaki peke yake, limefungwa waya huku, limezibwa kiraka kule, linaishi kwa dua. Nao mji ulikuwa unakua kila mwaka.

Mji usio na maji, isitoshe, una taabu ambayo watu wa penye mito hawaijui. Choo kisichomwagiwa maji hakitiririki. Kinakuwa kizito kama udongo wa mfinyanzi, na pampu inakivuta mpaka inalia. Mtaa wa bondeni, kwenye vichochoro vyembamba, mashimo yalikuwa yamejaa mpaka mdomoni. Huko ndiko alikokaa Bi Filta na mama yake. Mama mtu, mzee mwenye kifua kibovu na ulimi mzima, alikuwa amelifunika shimo lao kwa ubao na jiwe, na kila mgeni aliyebisha hodi alimjibu, "Karibu sana, lakini kama umejisaidia kwenu."

Ndipo manispaa ikaamua kununua magari mapya. Kampuni mbili zikaambiwa kila moja ilete gari lake lijaribiwe kwa wiki moja, kisha watu watatu wakae waamue: Mkurugenzi wa mji, Bwana Afya, na Bi Filta.

La kwanza kufika lilikuwa dogo, la rangi ya majivu, halina urembo wowote. Dereva wake hakuwa mtu wa maneno. Alionyesha pampu, akakabidhi funguo, akaenda stendi kupanda basi la kwao. Mafundi wakalizunguka, wakacheka, wakaliita Punda.

La pili lilikuja kesho yake, likapiga honi getini kama bwana harusi. Tangi lake refu liling'aa hata ndani ya vumbi, na mpira wake mnene wa kunyonyea ulikuwa umezungushwa ubavuni. Huyo akawa Tembo kabla hajazima injini. Wakati huo Bi Filta alikuwa chini ya Marashi, kalalia boksi, spana mkononi, na alichoona ni miguu tu. Mlango wa Tembo ulifunguka, ikashuka miguu ya mwanamume, ikaanza kuvuka ua wa karakana. Ilikwenda kwa hadhari, ikipinda kidogo hapa, ikipanua hatua pale, kama ya mtu anayekwepa madimbwi.

Katika ua ule hapakuwahi kuwa na dimbwi tangu ulipojengwa. Binadamu aliyetembea namna ile katika mji ule alikuwa mmoja tu. Spana ilimponyoka Bi Filta ikampiga kifuani, wala hakuisikia.

Miaka mingi nyuma, karakana hiyohiyo ilimpokea fundi kijana wa mkataba kutoka pande za mvua nyingi. Wiki yake ya kwanza aliuliza, kwa nia njema kabisa, "Kwani hapa mvua zinaanza mwezi gani?" Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo jina lake likawa Mvua. Yeye na binti ambaye bado hajaitwa Bi Filta walipangwa pamoja kulihudumia Marashi, wakati huo likiwa jipya. Watu wawili walio chini ya gari hawana pa kwenda, kazi yao ni kuzungumza. Alimsimulia jinsi mvua inavyopiga bati mpaka mtu hasikii maneno ya mwenzake, jinsi vyura wanavyogombana mtaroni, jinsi tope linavyokuvua kiatu ukarudi nyumbani na kimoja. Siku moja alichukua konzi ya udongo wa ua, akaumiminia masalia ya chai yake, akamsogezea puani. "Nusa," akasema. "Hivi ndivyo kwetu panavyonukia jioni." Binti akanusa. Alikuwa hajawahi kutamani mahali asipopajua, na tangu hapo hakuacha.

Mkataba ulipokwisha, Mvua alimwomba waondoke wote. Binti akaahidi kumfuata. Alifunga begi, akaliweka nyuma ya mlango, akangoja habari kutoka kwa mwenzake aliyetangulia. Habari haikuja. Alikasirika, kisha akachoka kukasirika, kisha akazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu: haliumi kila siku, lakini kila siku ulimi unakwenda kulitafuta. Wachumba walikuja. Aliwajibu wote kwa ile hapana ya adabu, wakaelewa, wakaaga. Na ungekwenda karakana wakati wa chai ungemwona akimwaga masalia yake chini, pembeni, kisha akiinama kidogo kama mtu aliyeangusha kitu.

"Bado unalala chini ya Marashi?" sauti iliuliza juu yake.

Bi Filta alijisukuma akatoka. Mvua alikuwa ameota mvi, tumbo limemtangulia kidogo, macho ni yaleyale. Miaka yote hiyo alikuwa amemwandalia maneno ya kumchoma, makali, yaliyopangwa vizuri. Yote yakamtoka kichwani.

"Na wewe bado unaruka madimbwi?" akasema.

"Mguu hausikii," Mvua alijibu. "Nimeuambia hapa hakuna, umekataa."

Wakacheka, kicheko kikawaishia, wakabaki kulitazama tairi la Tembo kama kwamba lina pancha.

Mkurugenzi alikuja mchana huo kumlaki Tembo. Alikuwa mtu mwema, anayependa vitu vikubwa kwa sababu utoto wake wote ulikuwa wa vitu vidogo. Alilizunguka gari mikono ikiwa nyuma, akagonga tangi, akatabasamu.

"Na tukichukua haya, Fundi," akamwambia Bi Filta, "huyu bwana anabaki nasi. Anafundisha madereva wetu, anayatunza magari, miaka miwili mizima. Ndivyo kampuni yake ilivyo. Yule Punda yeye ameletwa kama yatima."

"Miaka miwili," Bi Filta alirudia.

"Miwili. Unaonaje?"

Bi Filta alisema ataona gari likifanya kazi kwanza. Lakini tangu saa ile alitaka Tembo ashinde. Alitaka kwa roho yake yote, kwa njaa ambayo hakujua kama bado anayo. Miaka miwili ya kusikia sauti ile asubuhi getini! Miaka miwili ya kulala chini ya gari mtu akimsimulia vyura! Aliogopa hata kutabasamu, mafundi wasije wakamwona.

Siku za mwanzo magari yalijaribiwa juu mjini, penye barabara pana. Tembo alipiga kazi ya maana. Shimo la hospitali alilimaliza kwa mkupuo mmoja, la shule vilevile, la soko vilevile, na Mkurugenzi akapiga makofi kama yuko uwanjani. Punda, kwa tangi lake dogo, ilimbidi aende na kurudi, aende na kurudi. Lakini Bi Filta aliona jambo moja. Pua ya Punda ilikuwa juu. Bomba lake la hewa lilipanda mpaka juu ya paa la kichwa cha gari, mahali ambapo vumbi ni jepesi. Pua ya Tembo ilikuwa chini, nyuma ya gurudumu la mbele, palepale vumbi linapotimuliwa. Kufika mchana wa siku ya kwanza, filta ilikuwa imeziba kabisa.

Fundi mwingine angelisema. Bi Filta, ambaye kwa kosa hilohilo angemshusha dereva getini na kumtukania ukoo, alingoja watu waende kula, akaifungua filta ya Tembo, akaipuliza kwa kompresa, akairudisha, akapangusa alama za vidole vyake. Kesho yake akafanya tena. Wanasema ukipenda, chongo huita kengeza. Yeye hata kengeza hakuliona. Aliita macho mazima.

Ikafika zamu ya bondeni. Mtaa mzima ulitoka kutazama, na mama yake Bi Filta akatolewa kigoda mlangoni, shali begani, kama mgeni rasmi. Tembo alifika mwanzo wa kichochoro akasimama. Mabega hayapiti. Ikabidi mpira wake uunganishwe na mwingine, na mwingine tena, ukaburutwa mbele ya milango ya watu mpaka kwenye shimo la mama mtu. Mvua akawasha pampu. Ikaunguruma, ikalia, mpira ukatetemeka kuanzia mwanzo wa kichochoro mpaka mwisho, halafu ukatulia. Shimoni hakikupungua hata kikombe.

"Nilisikia tembo hashindwi na mkonga wake," mama mtu alisema, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. "Basi huyu si tembo. Huyu ni picha yake."

Watu wakaangua kicheko. Mvua alifungua viungo, akavikaza upya, akajaribu tena, jasho likimchora mistari usoni juu ya vumbi. Bi Filta alisimama kando akiiombea pampu ile kama mtu anavyomwombea mgonjwa wake. Pampu haikusikia. Mwisho Bwana Afya, kijana mpole asiyevua viatu vyake vya mpira hata ofisini, akasema Punda aletwe.

Punda aliingia kichochoroni kama anaingia zizini kwake. Alisimama mlangoni kabisa, mpira wake mfupi ukazama, pampu ikakohoa kidogo, na shimo likaanza kushuka. Watu wakapiga vigelegele. Mama mtu aliomba ule ubao uletwe mbele yake, akaupapasa, akasema sasa utafaa kwa kuni.

"Na huyo anayehema hapo," akaongeza, "si Mvua huyo?"

Mvua alisogea, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda sauti. Una mke?"

"Nilioa, mama. Hatukudumu."

"Pole, baba. Maana huku kwetu uliondoka kama moshi. Begi la mwanangu lilikaa nyuma ya mlango huu mpaka panya wakaanza kulitafuna. Nililifungua mimi. Yeye hakuthubutu."

"Mama!" Bi Filta alisema.

"Mama nini? Nimesema uongo?"

Mvua alinyanyuka taratibu. "Begi gani?" akauliza. Lakini tangi la Punda lilikuwa limejaa, watu wanapiga kelele lipishwe, na Bi Filta alikuwa ameshapanda kando ya dereva.

Mvua alimfuata karakana jioni hiyo. Mafundi walikuwa wameshaondoka, jua limelala juu ya ukuta, na Bi Filta alikuwa stoo akipuliza filta za magari ya taka. Mvua alisimama mlangoni.

"Begi gani?"

"La nguo," Bi Filta alisema bila kugeuka. "Nguo, viatu, na mwavuli. Nilinunua mwavuli. Muuza duka aliniuliza ni wa nini, ulikuwa umemkalia dukani tangu enzi za baba yake."

"Lakini ulinikataa."

"Nani?"

"Wewe. Nilikuomba twende, hapo nje, mbele ya Marashi. Ukaniambia, 'Tangulia, nitakuja vumbi likitulia.'"

Bi Filta alizima kompresa. Mchanga ukasikika ukidondoka kutoka kwenye filta.

"Mvua," alisema, "wiki ile kulikuwa na dhoruba. Mchana ulikuwa mwekundu, unakumbuka? Mabasi hayatoki. Wewe mwenyewe uliondokea kwenye lori la nafaka. Mama alikuwa hawezi kuvuta pumzi, ningemwacha na nani? Nikasema nitakuja vumbi likitulia. Vumbi! Hili hapa! Hili linaloingia puani!"

"Hapa kwenu vumbi likitulia ni hapana," Mvua alisema kwa sauti ndogo. "Ninyi ndio mlionifundisha. Mlinicheka mpaka nikajua. Siku ile nikajiambia, sasa mimi si mgeni tena, neno hili nimelielewa. Nisimwaibishe binti wa watu. Nikaenda zangu."

Ndiyo hivyo. Katika maisha yake yote Bi Filta alilitamka neno lile kwa maana yake yenyewe mara moja tu, na siku hiyohiyo mgeni akawa mwenyeji. Alitaka kucheka, maana ni kichekesho, ukimsimulia mtu baki atacheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Alilia huku ameikumbatia filta chafu kifuani, na vumbi lake likashikana na machozi mpaka gauni likaota tope. Mvua alikaa juu ya tairi kuukuu akamtazama, hajui aweke wapi mikono.

"Nilikuwa nakaa barazani mvua ikinyesha," akasema, "najiambia, yule hii angeipenda. Kila mvua. Hata nilipokuwa na mke, Mungu anisamehe." Akavuta pumzi. "Lakini ndiyo basi, maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwenu huko yaliko mengi," Bi Filta alisema, akijipangusa kwa mkono wa gauni. "Sisi huku tunayazoa. Hata na udongo wake."

Mvua alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Kesho ndicho kikao chenu. Ukisema Tembo, mimi nabaki."

"Filta yako iko chini, Mvua."

"Najua."

"Naipuliza kila mchana."

"Najua. Nilikuona siku ya kwanza. Sikukula, nilikuwa nimelala ndani ya kichwa cha gari, nikakuona kwenye kioo cha pembeni." Alitazama mikono yake. "Sikusema neno. Nilifurahi kama mjinga."

"Na mpira wako haufiki kwa mama."

"Haufiki," alisema Mvua. Wala hakumsihi zaidi.

Bi Filta hakulala vizuri, na mimi sitakueleza aliwaza nini, maana unajua. Asubuhi alikwenda chooni kwao, kwenye shimo lililopungua, akakaa bila kuziba pua kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Majirani watatu walikuwa wamesimama nje ya ua na wageni wao, wanaomba ruhusa ya kutumia. Mama yake alikuwa anawapanga foleni, kafurahi kama mwenye hoteli.

Kikaoni Mkurugenzi alisema wazi kwamba moyo wake uko kwa Tembo. "Lakini nitakufuata wewe, Fundi," akaongeza, "maana gari likifa, atakayelala chini yake si mimi." Bwana Afya alisema yeye anavijua vyoo, hayajui magari, naye atamfuata Fundi. Wakageuka wote wawili wakamtazama.

Dirishani Mvua alionekana akifuta vioo vya Tembo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ndoo ya maji ilikuwa haijaruhusiwa. Alikuwa amevaa shati safi. Bi Filta alimwangalia kwa kitambo, akaliangalia shati.

"Punda," akasema. Halafu, kabla ujasiri haujamkimbia, "Filta ya Tembo inaziba kabla ya mchana. Hamkujua kwa sababu nimekuwa nikiipuliza mimi, kwa kificho."

"Wewe?" Mkurugenzi alishangaa. "Wewe, Bi Filta? Kwa nini?"

"Nilitaka ashinde."

Mkurugenzi akatazama dirishani. Hakuwa mjinga. "Na bado unasema Punda," akasema polepole.

"Vyoo vilivyojaa viko bondeni. Tembo hafiki bondeni." Akaligeuzia dirisha mgongo. "Leteni Punda wengi. Wadogo, pua juu. Madereva nitawafundisha mwenyewe."

Hakuna aliyebisha. Bwana Afya alimsogezea bilauri ya maji, na katika mji ule hiyo si heshima ndogo.

Mvua alipewa habari na Mkurugenzi mwenyewe, kwa maneno mazuri na marefu. Alishukuru, akazungusha mpira wake ubavuni mwa gari, akakaza mikanda. Mafundi wakaja kumuaga mmoja mmoja. Bi Filta alisubiri wote wamalize. Mvua alipopanda kwenye kiti na kuwasha injini, ndipo akasogea mpaka mlangoni.

"Umefanya sawa," Mvua alimwambia kutoka juu. "Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Haya, Fundi. Tukijaliwa tutaonana."

Lilikuwa neno zuri, la heshima, ambalo mtu akiambiwa hujibu "inshallah" akageuka kwenda zake, na kila mmoja akabaki na lake moyoni. Bi Filta alipanda kidato cha gari, akashika dirisha kwa mikono miwili, uso wake ukawa sawa na wa Mvua.

"Usiniletee tukijaliwa," akasema. "Nisikilize, na usinitafutie maana nyingine. Nakupenda. Nataka urudi. Si kwa magari wala kwa mkataba wa mtu. Fika huko, aga, panda basi urudi hapa, kuwe na vumbi, kusiwe na vumbi. Mama hataki kuhama na mimi siwezi kumwacha, kwa hiyo ni wewe utakayekuja. Hapa hakuna mvua na haitakuja. Nakuomba hivyohivyo."

Mafundi walikuwa wanasikia. Mmoja aliacha nyundo ikining'inia mkononi. Bi Filta aliwaona, akaona haya mpaka kwenye masikio, na hakushuka.

Mvua alifungua mdomo, na Bi Filta akaogopa, akaogopa kuliko alivyoogopa kikaoni, kwamba kitakachotoka humo kitakuwa msemo.

"Nitarudi," alisema Mvua.

Bi Filta akangoja kilichobaki, likitulia, ikiwezekana, mambo yakikaa sawa. Hakikuja kitu. Alishuka kwenye kidato.

"Filta umepuliza?" akauliza.

"Bado."

"Zima. Shuka."

Wakaifungua pamoja, akaipuliza mwenyewe mbele ya watu wote, upande huu na upande huu, mpaka ikatoka nyeupe. Akairudisha, akagonga kifuniko kwa kiganja. Tembo akatoka getini, akashika barabara kuu, na nyuma yake vumbi likasimama kama ukuta, likamfunika yeye, likafunika barabara, likafunika kila kitu.

Mafundi walirudi kazini wakikohoa. Bi Filta alibaki getini. Miaka yote aliyoishi katika mji ule alikuwa hajawahi kusimama kulingoja, kwa hiyo safari hii akalingoja. Lilichukua muda, lakini lilitulia. Lilitua juu ya ukuta, juu ya tangi la Marashi, juu ya mabega yake, na barabara ikaonekana yote mpaka mwisho, nyeupe, haina mtu.